Mwaka Niliofuta Mwezi wa Pili

Mwezi uliopita Wakesho alistaafu kufundisha chuo kikuu, na wanafunzi wake wa zamani wakamfanyia karamu katika ukumbi mmoja huko Mtopanga. Alipopewa nafasi ya kusema alishukuru huyu na yule, kisha akaninyooshea kidole mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya sahani ya pilau, akawaambia wageni, "Yule pale mwenye buibui la kahawia ndiye aliyeifungia bajia tasnifu yangu." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kijana mmoja wa meza yangu alinigeukia akaniuliza kama ni kweli, nami nikamwambia ni kweli, za kunde, na wateja walizisifu. Nilicheka pamoja nao, ila nilichelewa kidogo, kama mtu anayefika msikitini watu washainama. Maana Wakesho husimulia nusu tu ya kisa hicho, na huisimulia hiyo nusu kwa ajili ya kunisitiri. Nusu ya bajia inachekesha. Nusu iliyobaki ni yangu peke yangu, na kwa miaka yote hii hakuna aliyeisikia isipokuwa watu watatu, ambao mmoja wao aliisikia kwa kuwa ukuta haukufika juu.

Kuta za nyumba yetu ya Chaani hazikufika juu. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalolikumbuka kila nikiufikiria mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, na kila ukuta uliishia shibiri mbili chini ya mabati, kwa hiyo chumba chako kilikuwa chako kwa macho tu. Kwa masikio tuliishi chumba kimoja. Nilijua jirani gani huota kwa sauti na nani hulalamikia chumvi. Wao nao walijua kuwa mimi hujisomea kwa kunong'ona, maana baada ya kidato cha nne, matokeo yangu yaliponifungia mlango, niliapa kujifundisha mwenyewe kila kitu. Nilikuwa nikinunua vitabu vikuukuu sokoni Kongowea, vya somo lolote, na kuvisoma kutoka jalada hadi jalada, pamoja na orodha ya maneno ya mwisho, kwa kuwa niliogopa kuwa ukurasa nitakaouruka ndio utakaokuja kuniumbua. Nikinakili sura ya kitabu nikakosea herufi moja, sikufuta. Nilichana karatasi nikaanza upya. Sasa ninaona kuwa ulikuwa ugonjwa mdogo. Wakati ule niliuita usafi.

Aliyefaidi usafi wangu alikuwa Bi Zuhura, mama mtu mzima wa chumba cha mbele, aliyekuwa akikaanga bajia barazani kila alasiri baada ya sala. Karatasi zangu zilizokataliwa alizitundika kwenye msumari kando ya karai na kufungia bajia. Alikuwa na sharti moja tu: upande mmoja uwe mtupu, maana wateja wake, alisema, walikuja kula bajia, hawakuja kula wino. Siku nikiwa sijachana kitu alinigongea ukuta. "Mwanasha."

"Abee."

"Leo hukukosea?"

"Bado, Bi Zuhura."

"Basi kosea kidogo, mwanangu. Wateja washaanza kupanga foleni."

Wakesho aliingia chumba kilichotazamana na changu mwezi wa tano. Alikuwa Mtaita wa miaka ishirini na minane, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuitana kutoka kilima hadi kilima, na alikuwa akisomea shahada ya uzamivu. Kaka yake, mfanyakazi wa bandarini, alikuwa amehamishiwa bara na kumwachia chumba kile, naye alikitaka kwa sababu moja: kilikuwa na umeme. Kule kwao mlimani alikofanyia utafiti hapakuwa na umeme, na hadubini yake ilihitaji taa. Aliingia na sanduku moja la nguo na masanduku manne ya nyuki waliokufa. Siku ya tatu alikuja kuniazima sindano, akaona daftari langu wazi mezani, akasimama akilitazama kwa muda. "Huu ni mwandiko wa nani?" Nikasema ni wangu, nikaanza kuomba radhi kwa doa moja la pembeni. Hakuwa ameliona. Kufikia jioni ile nilikuwa msaidizi wake, nikikaa kwenye kigoda chini ya dirisha na kuhamisha maandishi ya karatasi za mlimani za misimu iliyopita kwenda kwenye daftari kubwa jeusi, huku yeye akiwapanga nyuki wake kwa kibanio.

Sijawahi kukipenda chumba kama nilivyokipenda kile. Kilinuka kafuri, ya kuwafukuza mchwa, na kilinuka pia chakula, maana Wakesho alikuwa mtu wa kula. Asubuhi tulikunywa chai na mahamri ya jirani na mbaazi za nazi. Mchana alipika kimanga cha kwao, muhogo na maharage vilivyopondwa pamoja hadi vikawa kitu kimoja kizito, akaniangalia nikila, akauliza kama watu wa pwani hufunzwa kutafuna polepole au huzaliwa hivyo. Akila alieleza. Kulikuwa na ua moja dogo la zambarau, linaloota kwenye miamba yenye kivuli huko juu milimani, na mkoba wake wa chavua umefumbwa kama ngumi. Kulikuwa na nyuki mmoja mdogo, asiyekaa mzingani, anayechimba shimo lake ardhini. Nyuki huyo tu ndiye aliyeweza kulishika ua lile na kutetema kwa nguvu mpaka ule unga ukamwagika. Asipokuja yeye, ua hunyauka bila mbegu.

"Sasa wataalamu wanasema dunia inapata joto," aliniambia. "Ua laweza kuamka mapema. Je, nyuki naye ataamka siku hiyo hiyo? Hilo ndilo swali langu, sina jingine."

Sauti ya Bi Zuhura ikaja juu ya ukuta, pamoja na harufu ya kitunguu. "Ni kama harusi basi. Biharusi ashapambwa, bwana yuko Lamu hajui tarehe."

"Ndivyo hasa, Bi Zuhura."

"Na hili wanalisomea miaka mingapi?"

"Minne."

"Wallahi, ungeniuliza mimi siku moja."

Huko mlimani Wakesho alikuwa ametia alama miamba kumi na mmoja, na aliyekuwa akiichunga ni Mzee Mwadime, mkulima aliyewahi kuwa mlinzi wa msitu. Kila mwamba ulikuwa na karatasi yake, na kila karatasi ilikuwa na safu mbili zenye uzito kuliko nyingine zote: siku ua la kwanza lilipofunguka, na siku nyuki wa kwanza alipoonekana. Miezi ya mwanzo ya mwaka ule Wakesho alikuwa amezuiwa chuoni na masomo, mvua nazo zikakata barabara, kwa hiyo karatasi za tangu mwezi wa kwanza zilishuka zote kwa pamoja mwezi wa sita, ndani ya gunia lililoletwa na basi la Voi. Gunia lilifika siku ambayo Wakesho alikuwa anaondoka kwenda Nairobi kuonana na msimamizi wake. Hakupata nafasi hata ya kulifungua. Alinikabidhi ufunguo wa chumba. "Nakili zote, Mwanasha. Nikirudi baada ya wiki mbili nataka nikute daftari linang'aa."

Neno hilo, linang'aa, ningeliomba alirudishe mdomoni, kwa kuwa nililichukua kama amri. Karatasi za Mzee Mwadime hazikung'aa. Aliandika kwa penseli, herufi kubwa zilizolala upande kama majani yaliyopigwa na upepo, na kila karatasi ilikuwa na matope, doa la chai, alama ya kidole gumba. Pembeni aliweka habari zisizoombwa: leo ukungu, leo ng'ombe wa jirani amepita, leo goti linauma. Nikaanza na mwamba wa kwanza. Ua la kwanza, tarehe kumi na tisa mwezi wa pili. Nyuki wa kwanza, tarehe ishirini na sita mwezi wa nne. Kalamu yangu ikasimama. Rafuni mwa Wakesho kulikuwa na kitabu kinene cha mimea, cha enzi za wakoloni, ambacho nilikuwa nimekisoma chote pamoja na orodha ya mwisho, na kilisema wazi kuwa ua lile huchanua mwezi wa nne, masika yakishaingia. Nikafungua mwamba wa pili: mwezi wa pili. Wa tatu, wa nne, hadi wa kumi na moja: mwezi wa pili.

Ningekuwa mtu mwenye amani moyoni ningejiuliza kwa nini mzee akosee mara kumi na moja kwa namna moja. Mimi nilijiuliza jinsi ya kumsitiri. Niliona mtu aliyezeeka, aliyepotea katika hesabu ya miezi, na nikamwona Wakesho akiaibika mbele ya msimamizi wake kwa ajili yake. Kitabu kilikuwa na jalada gumu na herufi za dhahabu. Mzee Mwadime alikuwa na matope. Basi siku niliziacha kama zilivyo, na mwezi nikauhamisha: tarehe kumi na tisa mwezi wa nne, na kuendelea hivyo miamba yote. Nilipomaliza, ua na nyuki walikuwa wakikutana vizuri katika kila mstari, siku chache tu kati yao, na ukurasa ulikuwa mzuri kiasi kwamba nilimwita Bi Zuhura aje autazame. Akautazama akiwa ameinua mikono yenye unga. "Mashallah, kama mswala. Na yale machafu wayafanyani?" Yalikuwa yameandikwa upande mmoja tu. Nikampa rundo zima. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya na karatasi zangu zote nikishanakili vizuri, na nakwambia kweli, nilihisi nimefagia.

Wakesho alirudi Alhamisi. Akaoga, akakaa kwenye kitanda na daftari jeusi magotini, nami nikakaa kwenye kigoda nikingoja sifa. Alifungua ukurasa ule. Akapitisha kidole chini mara moja, akakirudisha juu, akakipitisha tena. "Mwezi wa nne," alisema. "Yote."

"Yote, dada."

"Kama kitabu." Alifunga daftari polepole. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyebisha hodi mara nyingi kisha akaambiwa wenyewe walishahama. Aliniambia kuwa amefurahi, kwa ajili ya nyuki, lakini kama hakuna kilichosogea basi hana tasnifu, ana orodha tu, na msimamizi wake alikuwa ameshamwonya. Kisha akaomba zile karatasi za penseli, azitazame mwenyewe kabla hajakata tamaa.

Kilichofuata ndicho anachokisimulia karamuni, na hakihitaji chumvi. Tulitoka mbio hadi barazani. Msumari ulikuwa na gazeti. "Za penseli?" Bi Zuhura aliuliza, akigeuza bajia. "Hizo zilikuwa nzuri mno, hazichuji rangi. Zimekwisha jana." Wakesho aliketi chini, palepale kwenye saruji, mbele ya wateja. Bi Zuhura akatoa kijiko kwenye mafuta, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya karai likiwa limejaa, akatangaza kuwa hakuna atakayeuziwa bajia leo mpaka atakaporudisha karatasi ya jana. Watu wakatawanyika wakinung'unika. Kuli mmoja alirudi na kipande alichokuwa ameweka mfukoni mwa shati kwa kuwa kilimfurahisha: leo goti linauma. Mwanamke wa nyumba ya nyuma alileta kingine, kimelowa mafuta hadi unaona mkono wako upande wa pili. Tulipata vipande vinne. Vilikuwa na ukungu, ng'ombe, goti na jina la Mzee Mwadime. Hakuna kilichokuwa na tarehe ya ua.

Mimi nililia, na Wakesho ndiye aliyenibembeleza. "Nyamaza. Nakala ipo. Mwandiko wako nauamini kuliko wangu." Hapo ndipo kisa cha karamuni kinapoishia, na ndipo changu kinapoanza, kwa sababu nikiwa bado nafuta machozi niliona kitu kwa uwazi mkubwa: hakuna mtu duniani aliyeweza kujua. Mkosi wa bajia ulikuwa umenifunika. Nilikuwa nimekuwa msichana mzembe wa karatasi, jambo la kuchekwa, na ningeweza kubaki hivyo. Na nilikuwa nimeshaanza kuelewa. Nilipokuwa nikinakili sikuwa nimeelewa. Uso wake juu ya daftari ndio ulionielewesha. Mzee hakuwa amekosea. Ua lilikuwa limeamka mwezi wa pili, likangoja, na nyuki alikuja mwezi wa nne.

Nilikaa nalo Ijumaa na Jumamosi. Sikula vizuri, nikasingizia tumbo. Jumamosi mchana nilikuwa nimelala kwangu nikihesabu misumari ya mabati, na sauti ya Wakesho ikaja juu ya korido, akijisomea barua anayomwandikia msimamizi wake, kama alivyozoea kujisomea ili asikie kama sentensi zinakwenda. Aliandika kuwa ua na mchavushaji wake bado wanakutana kwa wakati wao, na kwamba anaomba ushauri kama abadili mada. Akasita kwenye neno "abadili," akalisoma tena. Ningetaka kusema niliinuka papo hapo. Sikuinuka. Nilijiambia kuwa barua haiendi posta kabla ya Jumatatu.

Jumapili asubuhi alinikatia hamri, akaniwekea mbaazi, nami nikasema nikiwa natazama mbaazi. "Dada Wakesho, mwezi si wa nne."

"Mwezi gani?"

"Kwenye daftari. Mzee aliandika mwezi wa pili. Mimi ndiye niliyeandika wa nne. Kitabu kilisema wa nne."

"Miamba mingapi?" Wakesho aliuliza.

"Kumi na mmoja."

"Yote?"

"Yote. Na nyuki ni mwezi wa nne kweli. Nyuki sikumgusa."

Alisimama, akatoka nje hadi mwisho wa korido, akarudi, akatoka tena. Aliporudi mara ya pili sikuweza kuusoma uso wake. Ulikuwa na vitu viwili vinavyogombania mlango mmoja. "Yaani liliamka miezi miwili kabla," alisema. "Jibu langu lilikuwa limeshafika, humu ndani, kwenye gunia. Ukalisafisha." Akakaa kitandani. "Kwa nini umeniambia?"

Nilisema ukweli, kwamba sikujua, ila mbaazi hazishuki.

Kutoka upande wa pili wa korido, juu ya kuta, sauti ya Bi Zuhura ilisikika taratibu. "Mwanasha, mwanangu. Mimi nimefungia, wewe umebadili. Dhambi yangu mimi ina mafuta tu."

Wakesho ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akiwa bado amekasirika, na alikasirika kwa wiki nzima, hilo sitalificha; alinisemesha kwa maneno ya kazi tu na kimanga akanipakulia bila swali. Alimwandikia Mzee Mwadime, naye akajibu kuwa anakumbuka vizuri, ulikuwa mwezi wa pili, hata ukungu ulikuwa haujashuka. Nilidhani hapo tumepona. Wakesho akasema hapana: alichokumbuka mzee ni cha kusimulia, na nilichokumbuka mimi ndio kabisa, na tasnifu yataka karatasi iliyoandikwa siku ileile. Akanipa kalamu nyekundu na lile daftari jeusi, ukurasa ule uliokuwa kama mswala. Nilipiga mstari juu ya miamba yote kumi na mmoja, na chini yake, kwa maneno aliyoyasema yeye, nikaandika: mwaka huu hautatumika, mnakili alibadilisha tarehe. Akaniambia nitie sahihi. Nikaikandamiza kalamu mno, wino ukavuja. Nilimtazama nikiomba ruhusa ya kuchana niandike upya, naye akatikisa kichwa. Ukurasa ule uko nyuma ya tasnifu yake hadi leo, pamoja na wino uliovuja.

Ile barua hakuituma. Alituma nyingine, akaomba mwaka mmoja zaidi, akapewa, na kwenye mwaka huo wa nyongeza akaniambia kuwa miamba itahitaji macho mawili ya ziada. Ndivyo nilivyojikuta, mwezi wa kwanza, nikishuka kutoka kwenye basi mahali penye baridi ambayo sikujua kuwa ipo nchini mwangu, nimevaa kanga tatu moja juu ya nyingine. Bi Zuhura alikuwa amenifungia bajia za njia, kwenye gazeti. Mzee Mwadime alikuwa akitungoja barabarani, mfupi, na goti lake bovu. Nikampa shikamoo. "Marahaba," aliitikia, kisha akanikagua kutoka kichwani hadi kwenye ndara zangu za pwani. "Wewe ndiye uliyenihamishia miezi?" Nikasema ni mimi. "Haya. Twende, uone ilikokuwa."

Tulipanda kila asubuhi. Sikuwahi kufanya kazi chafu kama ile, na kucha zangu sikuzitambua. Tulipita mwamba mmoja mmoja, tukiinamia vichipukizi, na kwa wiki nyingi tuliandika hakuna, hakuna, hakuna, mpaka nikaanza kuogopa kwamba sikuwa nimemnyang'anya Wakesho mwaka mmoja tu, nilikuwa nimemnyang'anya mwaka wenyewe, ule wa pekee ambao ua liliwahi kuamka mapema. Kisha asubuhi moja, kwenye mwamba wa nne, chini ya ukingo uliokuwa ukichuruzika maji, lilikuwepo: dogo kuliko nilivyodhani, limefunguka wazi, na ngumi yake ya manjano katikati. Mzee Mwadime alinipa penseli na karatasi. Nikainama kuandika, na shaka ile ile ya Chaani ikanisimamisha, kitabu chenye herufi za dhahabu kikanijia kichwani, nikamgeukia. "Mzee, una hakika leo ni mwezi wa pili?"

Alicheka mpaka ikabidi akae kwenye jiwe na kulishika goti. "Hakika ninayo, binti," alisema alipopata pumzi. "Lakini kama hujaridhika, uhamishe."

Nikaandika mwezi wa pili. Kidole gumba changu kiliacha doa la tope juu ya tarehe, nikaliacha. Kisha tulikaa mbele ya ua lile tukiitazama safu ya pili, ya nyuki, ambayo ilibaki tupu mpaka njaa ikatushusha nyumbani.